Kuandika habari za stesheni ndogo ya kijijini: anza na banda la mizigo

Ukitaka kuandika ukurasa kuhusu stesheni ya reli iliyo kijijini kwenu, iwe Fela, Mantare, Bukwimba, Malya au Malampaka, usianzie kwenye dirisha la tiketi. Lipite, nenda moja kwa moja hadi banda la mizigo.

Nilifundisha historia sekondari hapa Mwanza mpaka nikastaafu, na kila mwaka niliwapa wanafunzi kazi ya historia ya mahali. Waliochagua reli karibu wote walianza hivi: "Stesheni yetu ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya kusafirisha abiria na mizigo." Sentensi hiyo ukiibandika Tanga inakaa, ukiibandika Kigoma inakaa. Kinachoitenga stesheni yako na nyingine ni mzigo wake: ulikuwa mzigo gani, wa nani, ulifikaje pale, na uliacha kuja lini. Ukishayajua hayo manne, mengine yote yanajipanga yenyewe, hata habari za abiria.

Kwanza jua njia yenu imetoka wapi

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, enzi ya Wajerumani. Ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, vita ikiwa mlangoni. Tazama ramani uone: sisi wa huku ziwani tuliachwa kando. Mzigo wa Mwanza ulipakiwa melini ukavushwa hadi Kisumu, ambako reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika tangu 1901. Yaani mali ya Usukuma ilikwenda baharini kwa kupitia Kenya.

Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya vita, walijenga tawi kutoka Tabora, likapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Ni kama kilomita 380. Ukijumlisha na kipande cha kutoka Dar, safari nzima ni kilomita 1,220 hivi. Kwa hiyo mtu akikuambia stesheni ya Bukwimba au Malya ilijengwa na Mjerumani, mkatalie kwa adabu. Mjerumani aliondoka Mwanza 1916, na reli ya kufika huku ilikuwa haijajengwa.

Aya hizo mbili zinatosha. Usijaze kurasa na habari za Reli ya Kati nzima, hizo zimeandikwa na wengi. Msomaji wako anataka Malya.

Banda la mizigo linavyosomwa

Omba ruhusa kwa stesheni masta kabla ya kuzungukazunguka au kupiga picha. Ukimkosa, mtafute mtu yeyote wa reli aliye zamu. Hata kama treni hazipiti kila siku, kiberenge cha mafundi kinaweza kutokea bila kelele kubwa, basi usifanye njia ya reli kuwa kijiwe.

Ukifika bandani angalia milango. Banda la kawaida lina milango pande mbili, upande mmoja wa barabara na upande mwingine wa reli, na sakafu yake imeinuliwa ilingane na sakafu ya behewa, ili mzigo upite bila kunyanyuliwa. Inama uangalie ukingo wa sakafu upande wa reli. Kwenye banda moja la wilaya ya Kwimba, saruji ya ukingo ule imelika na kuwa laini sehemu moja tu, katikati ya mlango wa pili, upana wa mikono miwili. Kwingine kote ukingo bado una pembe kali. Pale ndipo magunia na marobota yaliburutwa msimu hadi msimu. Juu ya mlango huohuo rangi ya karibuni imebanduka, na chini yake zinasomeka herufi za shirika lililokufa zamani. Mambo mawili hayo yana thamani kuliko aya kumi za "ilijengwa na wakoloni", kwa sababu yanakupa swali la kumpelekea mzee: kwa nini mlango wa pili na si wa kwanza?

Kisha pima njia ya pembeni, ile inayochepuka kuelekea bandani. Hesabu hatua zako tu. Behewa ngapi zingekaa pale kwa pamoja? Stesheni iliyowekewa njia ndefu ya mizigo ilitarajiwa kupakia mengi. Iliyo na njia ya mapishano peke yake, bila banda, kazi yake kubwa ilikuwa kuruhusu treni mbili zipishane, maana njia yetu ni moja tu, na treni inayoingia kipande kati ya stesheni mbili lazima ipewe ruhusa kwamba kipande ki wazi. Stesheni za namna hiyo nazo zina historia, ila ni historia ya usalama na saa, si ya pamba. Usiilazimishe iwe na pamba.

Kwa nini nasisitiza pamba? Kwa sababu kati ya Shinyanga na Mwanza njia inapita katikati ya nchi ya pamba. Tafuta kiwanda cha kuchambulia pamba kilicho karibu, kizima au gofu. Tafuta ghala la chama cha ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliunganishwa chini ya Victoria Federation of Cooperative Unions, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Ukipata kujua pamba ya kijiji chenu ilipimwa wapi kabla ya 1976 na wapi baada yake, umeshaijua nusu ya historia ya stesheni. Mara nyingi utagundua kwamba mzigo ulihama kwenda kwenye malori miaka mingi kabla ya watu kuanza kulalamika kuwa treni haziji. Hapo ndipo pa kuandika kwa kirefu. Wengi huruka.

Kwa walio jirani na Mwadui habari ni nyingine: almasi iligunduliwa pale mwaka 1940, na mgodi mkubwa unahitaji mashine, mafuta na watu. Isaka nayo ina bandari kavu yake, mzigo wa Rwanda na Burundi unashushwa pale kupakiwa malori. Mwanza Kusini, pale Igogo, kuna gati ambapo mabehewa yaliingizwa mazima ndani ya meli. MV Umoja ndiyo meli ya kazi hiyo upande wetu. Stesheni yako ikiwa mojawapo ya hizo, usifuate mfano wangu wa pamba kama msahafu.

Herufi na vyuma hutaja umri

Kitu kikikosa tarehe, angalia herufi. Shirika la reli limebadilishwa jina mara nyingi hata jina lenyewe linaweza kukupa kipindi. Reli ya Tanganyika ilijitegemea hadi 1948, ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda kuwa East African Railways and Harbours, herufi EAR&H. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, ikazaliwa. Mwaka 2007 ikaja TRL, yaani Kampuni ya Reli Tanzania, ubia na kampuni ya India ambao haukudumu. Mwaka 2017 TRC ikarudi. Kwa hiyo herufi TRC peke yake hazitoshi, inaweza kuwa ya zamani au ya sasa. Tazama rangi na nembo.

Risiti nazo zinasema. Ikiwa ni shilingi ya Afrika Mashariki, ni ya kabla au karibu na 1966, mwaka tulipoanza kutumia shilingi yetu. Ikiwa umbali umeandikwa kwa maili na uzito kwa ratili, ni ya enzi za kabla ya mita na kilo.

Reli zenyewe zina maandishi ubavuni, yamechomoza kwenye chuma: jina la kiwanda, mwaka wa kutengenezwa, pengine na uzito. Sugua kutu kwa kitambaa utayaona. Lakini hapa kuna mtego. Reli iliyochakaa kwenye njia kuu huhamishiwa njia za pembeni, na wakati mwingine hutoka mkoa mwingine kabisa. Mwaka ulio ubavuni ni umri wa chuma, si umri wa stesheni. Uandike hivyohivyo: "reli ya njia ya pembeni imeandikwa mwaka fulani". Usiongeze neno.

Mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli, yakikushangaza kwa kuwa ya chuma badala ya mbao, jibu lake ni mchwa.

Kuwauliza wazee

Swali baya kuliko yote ni "ilikuwa mwaka gani?" Mzee hakuishi kwa kalenda ya ukutani. Atakujibu "zamani sana", au atakutajia mwaka wowote ili usimwone hajui. Muulize kwa matukio aliyoyaishi. Kabla au baada ya ziwa kupanda miaka ile ya mwanzo ya Uhuru? Kabla au baada ya Operesheni Vijiji, ambayo huku kwetu ilipamba moto 1974? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979? Wakati wa uhujumu uchumi, 1983? Kabla ya MV Bukoba kuzama, Mei 1996? Mvua za El Nino, 1997 kuelekea 1998? Kila mmoja ana misumari yake, nawe kazi yako ni kutundika habari kwenye msumari ulio imara.

Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe wa nani?"

Jibu hilo kwanza, mpaka kwa babu yako mzaa baba, na usiwe na haraka. Ukijua kusalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", salimia. Kisha:

"Babu, wakati wa Operesheni, hili banda lilikuwa na pamba?"

"Pamba? Ilijaa mpaka nje tukaifunika turubai! Tena turubai lenyewe la kuazima."

"La kuazima kwa nani?"

Umeona? "Kwa nani" ndiyo iliyofungua mlango. Jibu la swali hilo litakupeleka kwenye chama, au kwa mfanyabiashara mwenye duka, au kwa msimamizi wa kiwanda, na kila mmoja ana ukoo unaoishi mpaka leo pale pale.

Watafute waliofanya kazi kwenye gengi la kukarabati njia, washika pointi, yaani wanaogeuza treni kutoka njia moja kwenda nyingine, na wabeba mizigo. Lakini usiwasahau akina mama waliouza vyakula dirishani mwa mabehewa. Kwangu mimi hao ndio mashahidi wa kwanza. Bibi aliyechemsha viazi vitamu na mahindi kuuzia abiria anaijua ratiba kuliko gadi, maana treni ikichelewa ni mtaji wake uliopoa. Atakuambia treni ya kutoka Dar ilipita saa ngapi, ilisimama muda gani, behewa la daraja la tatu lilikaa upande upi wa jukwaa, na mwaka gani abiria walianza kushuka wachache. Mwite bibi au mama kadiri ya umri wake, nunua alichonacho, ndipo uulize.

Habari moja isiyopatikana kwa watu wawili wasioishi nyumba moja, iandike kama masimulizi: "yasimuliwa kwamba". Haishushi hadhi ya kazi yako. Na kama mtu hataki jina lake litajwe, andika kazi yake tu, "aliyekuwa mshika pointi", inatosha.

Karatasi

Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na huko kuna vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri waliviandika enzi ya Waingereza. Omba vya Mwanza, Kwimba, Maswa au Shinyanga, kulingana na mahali ulipo. Kumbuka mipaka ya wilaya imebadilika mara nyingi. Malampaka leo iko Maswa, mkoa wa Simiyu, mkoa ambao mwenyewe ulizaliwa 2012. Barua za zamani hazitakuambia Simiyu hata ukeshe.

Kwa kipindi cha 1948 hadi 1977 makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, hivyo picha na ripoti nyingine ziko kule, na kuna makumbusho ya reli tangu 1971. Mwenye ndugu Nairobi amtume.

Karatasi nyingine ziko karibu zaidi: daftari la kumbukumbu la shule ya msingi, daftari la ubatizo parokiani ambapo kazi ya baba imeandikwa, hati za chama cha msingi. Omba kwa barua, si kwa mdomo.

Sehemu ya huduma

Muundo wa kuweka historia na huduma pamoja nimeuchukua kwa Waingereza, na kwa hili nawapa haki yao. Stesheni ya kijiji kwao, hata iwe na jukwaa moja na kibanda cha kujikinga mvua, utakuta habari zake zimeandikwa: kampuni gani ilijenga, mwaka gani ilifunguliwa, yadi ya mizigo ilifungwa lini. Kisha bila kubadilisha sauti wanaendelea: treni ngapi kwa saa, kuna ngazi au hakuna, mwenye kiti cha magurudumu atapitaje, baiskeli ziwekwe wapi, na kama hakuna karani basi tiketi inunuliwe kwenye mashine au ndani ya treni. Zipo stesheni ambazo treni haisimami mpaka umpungie dereva mkono, kama daladala ya Kirumba. Nao wana makovu: kampuni zao ziliunganishwa kuwa nne mwaka 1923, zikataifishwa 1948, mwaka uleule zetu zilipounganishwa huku, na ripoti ya Beeching, mkuu wa reli zao, ya Machi 1963 ikapendekeza stesheni zaidi ya 2,300 zifungwe. Kijiji kilichoponea chupuchupu hujivunia, na huandika.

Kwetu sehemu ya huduma ni fupi lakini ndiyo itakayosomwa zaidi, hivyo iandike kama unamwelekeza shangazi yako anayekuja na mizigo usiku. Tiketi inauzwa pale pale au mpaka mjini Mwanza au Shinyanga? Anayeuza yupo saa zote au huja treni ikikaribia? Jukwaa lina urefu gani? Treni ikiwa ndefu, mabehewa ya mwisho husimama nje ya jukwaa, na kutoka kokoto hadi ngazi ya behewa ni juu kwa mtu mzima mwenye mtoto mgongoni. Taa zipo? Choo kipo, kina maji, ufunguo ana nani? Kifurushi kinachozidi mkono kinapimwa wapi na kinakatiwa stakabadhi na nani? Bodaboda hukaa hadi saa ngapi? Treni isipokuja, gari la kwenda Ngudu, Misungwi au Mwanza linapatikana barabara ipi, na umbali wa kutembea ni upi? Hayo yote yapime mwenyewe, mchana na usiku. Mchana tu haitoshi, kwa kuwa stesheni nyingi za njiani treni huzikuta gizani.

Kwenye saa uwe macho. Ratiba ya reli huweza kuandikwa 22:00, msomaji wetu akaenda akiwa na hesabu zake. Andika "saa 4 usiku". Na ikiwa treni inapita baada ya usiku wa manane, sema wazi ni usiku wa kuamkia siku gani. Nimeona familia nzima imelala jukwaani na vitanda vyake kwa ajili ya neno "Ijumaa".

Siku za treni na nauli hubadilika. Nauli huidhinishwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, ratiba hutolewa na TRC, nawe huna mamlaka juu ya lolote. Andika ulichokikuta pamoja na tarehe uliyokikuta, kisha elekeza watu waulize stesheni ya Mwanza kabla ya kufunga mizigo. Eleza pia kwamba treni ya kwenu inaweza kukatika kwa sababu iliyo mbali sana nanyi. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, mamia ya kilomita kutoka hapa, na Usukuma nzima ikakosa treni bila tone la mvua la ziada kuanguka kwao. Mtu akilijua hilo hamtukani stesheni masta.

Kuhusu SGR

SGR ni reli mpya, yenye njia pana kuliko ya zamani, na hapa wengi huchanganya. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za pembeni, liliwekwa na Rais Samia Juni 2021. Kipande hicho kina stesheni zenye majina yaleyale: Fela, Mantare, Malya, Malampaka, Shinyanga. Upana wa njia ya zamani ni meta moja, wa SGR ni milimita 1,435, na treni ya huku haiwezi kupita kule. Kila unapotaja stesheni, sema "ya zamani" au "ya SGR", na kila picha iandike chini yake ni ipi na imepigwa tarehe gani. Ujenzi ukiwa umegusa banda, nyumba za wafanyakazi au miti ya stesheni ya zamani, piga picha mapema, hata kama maandishi bado hujayamaliza.

Ukimaliza, chapisha nakala tatu. Ya kwanza mpelekee stesheni masta, asome sehemu ya huduma na kukurekebisha, ya pili ofisi ya kijiji, ya tatu maktaba ya shule. Ukiiweka mtandaoni weka na tarehe juu kabisa, na ukipata habari mpya usiifute ya zamani, iongezee chini.